Mvuvi wa Nchi Kavu

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba Dodoma kuna wavuvi, atacheka mpaka akae chini. Mji wenyewe mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi, upepo na mibuyu. Huko wanavua nini, kenge?

Wanavua perege na kambale. Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji, kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957, na ukingoni mwake ndipo alipoanzia uvuvi mwanafunzi mmoja wa darasa la nne. Leo ni mtu mzima wa kufunga tai, ila waliosoma naye bado wanamwita Ndala. Jina lilitokana na kiboya chake cha kwanza, alichokikata kwenye ndala ya baba yake. Ya kulia. Mpya.

Wakubwa wa pale walikuwa wazee watatu waliokaa chini ya mgunga kila jioni, kila mmoja na ufito wake, mshipi, ndoana moja na kopo la nyungunyungu. Watoto waliwaheshimu kuliko mwalimu mkuu.

“Mbukwa, babu,” Ndala alisalimia kwa woga.

“Mbukwa. Kaa. Na kivuli chako kiondoe majini.”

Hapo ndipo masomo yalipoanzia. Mzee wa katikati alisoma kiboya kama wengine wanavyosoma gazeti. Perege, alisema, hudonoa kidogo kidogo kama mgeni mwenye haya. Kambale hubeba na sahani. Mwenzake aliwahi kuvua Mtera, bwawa lililozuia Ruaha Mkuu ili maji yasiikaukie mitambo ya Kidatu, na ambalo tangu 1988 lina mitambo yake ya megawati 80. Alivyosimulia habari za mamba na umeme kwa pumzi moja, Ndala aliishi miaka miwili akiamini kwamba taa za Dar es Salaam zinawashwa na mamba.

Siku aliporuhusiwa kurusha ndoana mbele yao, aliirusha kwa nguvu zote. Ikapita nyuma, ikanasa kofia ya mzee wa katikati, ikaenda nayo mpaka katikati ya maji. Kimya kikatanda. Mzee akajipapasa kichwa, akakiangalia kiboya kinavyozama.

“Vuta taratibu, mjukuu wangu. Hiyo kubwa.”

Kambale wake wa kwanza alikuja wiki mbili baadaye, mrefu kama mkono wake, mwenye sharubu na utelezi wa sabuni. Akamtia kwenye ndoo yenye maji kidogo, akalala usingizi wa washindi. Kumbe kambale ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, na akiwa na unyevunyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa. Usiku akatoka kutembea. Dada mtu alimkanyaga mlangoni pa jiko, na yowe lake likawaleta majirani watano na marungu sita. Walipogundua kwamba nyoka ana sharubu, walikataa kuondoka bila mchuzi.

Kisha samaki wakagoma. Jumamosi tatu mfululizo Ndala alirudi na kopo lake la nyungunyungu wakiwa wamenenepa. Ya nne akaona asiaibike zaidi: akazunguka upande wa pili, kwa wenye mitumbwi na nyavu, akatoa hela yake ya madaftari, akapata perege watatu wanono. Akapita chini ya mgunga makusudi, akiwaninginiza ili waonekane.

“Hongera,” alisema mzee wa katikati. “Hebu nimwone huyo mkubwa.”

Akampokea kwa mikono miwili, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaugeuzia kwenye mwanga. Hapakuwa na tundu la ndoana wala mkwaruzo. Akaufunga taratibu, akawapitishia wenzake, nao wakatazama na kutikisa kichwa.

“Huyu,” alisema akimrudisha, “amekuja kwa hiari yake.”