Kifua cha Tanzania, Miguu ya Zambia

Ndugu zangu wa Tanga wakiniuliza niko wapi siku hizi, nawajibu niko nje ya nchi. Siongopi. Chumba nilichopanga kiko Nakonde, Zambia. Kazi yangu ya uwakala wa forodha imetapakaa pande zote mbili za mpaka, na jimu ninakolipia ada iko Tunduma, Tanzania. Kutoka kitandani kwangu hadi kwenye benchi la kupigia chuma, unatafuna muwa mmoja na hujaumaliza. Lakini nje ni nje. Mjomba anaamini nalipwa kwa dola. Shangazi kaniagiza koti la baridi, tena "la hukohuko". Mama akipiga simu hata salamu hamalizi: "Mwanangu, huko ugenini wanakulisha?" Wananilisha, mama. Wananipa nshima, ambayo ni ugali uleule, ila umevuka mpaka.

Maisha haya ya ughaibuni ningeyaweza yote, na baridi yake na vumbi la malori yake, kama isingekuwa Alhamisi. Pale jimu Alhamisi ni siku ya miguu.

Na siku nyingine sina ugomvi. Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mikono na mabega, hunikosi. Mwalimu anakuja kufungua kufuli ananikuta nimeegemea mlango. Kifua kina faida zake, tena za papo hapo: vaa fulana ya kubana, pita kwa wabadilisha fedha, uone wanavyokuita "bosi" hata kama mfukoni una kwacha za nauli tu. Sasa miguu? Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai kila mwenye akili zake anavaa suruali nzito, na sisi tuliozoea joto la pwani tunazivaa mbilimbili. Hayo mapaja nitakayoyajenga atayaona nani? Dobi?

Jimu yenyewe haina makuu. Bati juu, zege chini, kioo kimoja chenye ufa ambacho tunakigombea siku za kifua na siku ya miguu hakina mteja. Dambeli ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mji wa malori haukosi vyuma, kwa hiyo chuma cha skwati ni ekseli ya lori, na pande zote mbili zimevishwa gia zilizotoka kwenye giaboksi za marehemu. Bado zinanuka oili. Ukimaliza kupiga skwati unabaki na mstari mweusi nyuma ya shingo, na ukirudi ofisini wenzako wanadhani umelala chini ya Fuso.

Kisingizio kizuri hakitungwi, kinaokotwa, na hapa mpakani vimezagaa. Anza na saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima: Tunduma ikiwa saa kumi na mbili jioni, Nakonde ni saa kumi na moja. Simu yangu nayo haina uzalendo, inashika mnara wowote inaoupenda. Nikikaa dirishani iko Tanzania, nikisogea jikoni iko Zambia. Siku za kifua hesabu hii hainipi shida hata kidogo. Alhamisi ndiyo inayonichanganya.

"Kaka, saa kumi na mbili hii, mbona sikuoni?" mwalimu ananipigia.

"Mwalimu, huku kwetu ndiyo kwanza saa kumi na moja. Bado niko kazini."

Nampa saa nzima, kisha nampigia mwenyewe: "Mwalimu, saa kumi na mbili kamili, naanza kutoka."

"Huku ni saa moja, kaka. Nafunga."

Basi hapo nasikitika, tena kwa sauti, mpaka yeye ndiye anayenibembeleza nisijali.

Halafu kuna sikukuu. Mtu wa nchi moja hawezi kuujua utajiri huu. Julai, Zambia wana Siku ya Mashujaa Jumatatu ya kwanza ya mwezi na Siku ya Umoja kesho yake, huku Tanzania tuna Saba Saba. Agosti, Wazambia wanaadhimisha Siku ya Wakulima Jumatatu ya kwanza, sisi tunawaadhimisha wakulima tarehe 8 na Nane Nane yetu. Lakini mwezi wa neema ni Oktoba. Tarehe 14 tunamkumbuka Mwalimu Nyerere. Tarehe 18 Zambia wana siku ya maombi ya kitaifa. Tarehe 24 wanasherehekea uhuru wao wa mwaka 1964. Sikukuu ikiwa ya Tanzania, mimi ni Mtanzania. Ikiwa ya Zambia, mimi ni mgeni mwenye adabu. Nitapigaje skwati wakati taifa linalonihifadhi liko kwenye maombi? Na sikukuu ikiangukia Jumatatu, mwalimu husogeza ratiba yote siku moja mbele, kwa hiyo miguu inaangukia Ijumaa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Ijumaa ni siku tukufu, siwezi kuimaliza na oili ya gia shingoni.

Mwalimu, kwa bahati mbaya yangu, ni Mnyamwanga wa hapahapa, na Wanyamwanga mpaka uliwakuta wakaishi pande zote mbili. Mimi nikisema "ng'ambo" naona mbali, yeye akisema "ng'ambo" anamaanisha kwa shangazi yake. Na huyo shangazi, sijui nani alimpangia, anauza vitumbua mbele ya geti la nyumba ninayokaa. Siku niliyomwambia mwalimu nimekwama kwenye makaratasi ya kontena, nilikuwa na sahani ya vitumbua mkononi, na aliyenipimia alikuwa na simu sikioni.

Dakika chache baadaye mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama getini, kavaa kaptula na baridi yote ile. Hakugomba. Alimwamkia shangazi yake, akala kitumbua kimoja kwenye sahani yangu, akasema, "Twende." Wakati tunapita katikati ya malori nikajaribu hoja yangu ya kitaalamu. Nikamkumbusha kwamba tangu mwaka 2019, marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, lori halisimami tena mara mbili. La kwenda Zambia linakaguliwa Nakonde, la kuja Tanzania linakaguliwa Tunduma, basi. Sasa kama kontena zima linahudumiwa mara moja, kwa nini miguu yangu ihudumiwe mara mbili? Imeshatembea kutoka Nakonde, hilo si zoezi?

"Siku zote si unakuja na bodaboda?"

"Hata kwenye bodaboda mapaja yanabana, mwalimu."

Hakunijibu. Siku hiyo nilichuchumaa na kuinuka mpaka ekseli ile nikaijua jina la baba yake.

Sasa wanaosema nakwepa miguu kwa uvivu, naomba wasikilize hapa. Maumivu ya miguu hayaji siku hiyohiyo. Siku hiyo unatembea kwa maringo na unamwambia kila mtu kwamba kumbe si kitu. Nyuzi za misuli zimechanika vipande vidogovidogo huko ndani na zinajipanga kimyakimya. Zinakuja kudai kesho yake, na keshokutwa ndiyo zinaleta na riba. Na nyumba ninayokaa choo ni cha kuchuchumaa, kiko uani, tunachangia wapangaji wote. Mlango wake ni wa bati na unafungwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye msumari.

Kushuka nilishuka. Mvutano wa dunia uliniwezesha. Kupanda ndiko kulikogoma. Nikaweka mikono magotini, magoti yakasema hayanijui. Nikashika ukuta, ukuta laini. Nikaikamata ile kamba ya mlango, nikaanza kujivuta taratibu mithili ya mtu anayeteka maji kisimani, na hapo hapo nikasikia kandambili nje. Mwenye nyumba, Bamayo, mama mtu mzima mwenye heshima zake, kaja na ndoo yake.

"Muli shani?" akanisalimu kupitia mlangoni, maana Wazambia kwa salamu hawajambo.

"Bwino," nikajibu, huku jasho linanitoka.

Alipoona kimya kinazidi, akasalimu tena. Nikataka kujibu kwa nguvu ili kuonyesha niko salama, nikaivuta kamba, msumari ukachomoka, tukatoka pamoja, mimi na mlango. Namshukuru Mungu suruali ilikuwa imeshapanda. Ni mimi tu niliyekuwa sijapanda. Bamayo alinishika mkono, akaniuliza ni lori la kampuni gani lililonigonga. Nikamwambia ni mazoezi. Hakuamini, na sidhani kama hadi leo anaamini, kwa sababu kila Jumapili ananitaja kanisani. Mlango nimelipia mimi.

Tangu hapo nimeshika msimamo kwamba siku ya miguu ilibuniwa na watu wenye vyoo vya kukaa. Wao wakiumia wanatua tu. Sisi wa kuchuchumaa tunapiga skwati kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, bila ada na bila mwalimu, na hakuna anayetupa hata fulana.

Mwalimu hoja hii haimwingii. Ana historia yake. Ananiambia reli ya TAZARA inayopita hapa ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na wazee wetu walikata misitu na kupanda milima kwa miguu hii hii. Nikamwambia ndiyo, na waliijenga ili sisi tusitembee. Akaniambia mimi ni kama Kimondo cha Mbozi: chuma kitupu, tani kadhaa, watu wanakuja kukitazama, na tangu kitue Ndolezi hakijapiga hatua. Alidhani amenitukana. Mimi niliona nimefananishwa na kivutio cha taifa.

Akaishiwa maneno, akanipeleka kuona watu. Pale mpakani kuna vijana wanaobeba magunia ya mahindi, na mengine ni lumbesa, gunia limejazwa hadi limevaa kofia. Kijana anainama, wenzake wawili wanamtwika, anainuka kwa mapaja bila kuguna, anaondoka mbio anakatiza kati ya malori. Vigimbi vyake vimejikunja vinakutazama.

"Unaona?" mwalimu akasema. "Huyu amewahi kukosa siku ya miguu?"

"Na amewahi kulipa ada?" nikamuuliza.

Tukamfuata kijana alipokaa kupumzika juu ya gunia, anakunywa togwa. Nikampa shikamoo ya utani, kisha nikamuuliza vigimbi vile kavipata kwa zoezi gani. Akauliza zoezi ndiyo nini. Mwalimu akamweleza kwamba sisi tunalipa kila mwezi ili tuinue vyuma, tuvishushe palepale, halafu tuondoke mikono mitupu. Kijana akatutazama kwa huruma, akafuta mdomo.

"Kaka," akaniambia, "hiyo hela nipe mimi, nikuachie magunia yangu ubebe mpaka utosheke."

Nimeishi mpakani, nimeona biashara nyingi, lakini hiyo ndiyo ya kwanza iliyonikosesha jibu. Mwalimu naye alinyamaza, maana aliona mteja anataka kumponyoka.

Nadhani siku hiyo ndipo alipoamua kubadili mbinu. Wiki iliyofuata nikakuta Alhamisi imefutwa ubaoni. Nikakaribia kumkumbatia. Akaniambia nisome vizuri. Miguu sasa imegawanywa kwenye siku zote: kila jioni, saa kumi na mbili kamili, robo saa ya skwati kwanza, kisha ndiyo mtu anaruhusiwa kugusa benchi. Jumatatu yangu ya kifua ina miguu. Jumatano yangu ya mikono ina miguu. Jimu nzima ikashangilia, wanafiki wakubwa, wakati wengine magoti yao nayajua.

Mimi sikugomba. Niliiafiki ratiba mbele ya watu wote na tangu hapo sijakosa hata jioni moja. Ila kazi za forodha mnazijua, siku haiishi mpaka karatasi ya mwisho igongwe muhuri, hivyo nafika saa kumi na mbili na robo, wenzangu ndiyo wanarudisha ekseli mahali pake. Mwalimu analalamika kwamba nachelewa. Namwonyesha simu. Mimi ni mkazi wa Zambia, na kwa saa za nyumbani kwangu nimewahi dakika arobaini na tano. Nikilala kwenye benchi, asinisumbue.