Jinsi ya Kufukuzwa Kazi Ukiwa Hai

Karibu Hai Amarat, mdogo wangu. Chumba umepata, mnalala watatu, jenereta ya jirani inanguruma hadi usiku wa manane, na maji yanaletwa na lori la tenki siku ambayo dereva amekumbuka. Una leseni ya urubani wa biashara, una cheti cha ukufunzi ulichokipata Wilson kule Nairobi au Soroti kule Uganda, na logibuku yako ina saa mia tatu na ushei. Umekuja Juba, Sudan Kusini, kusaka masaa ya kuruka. Mwajiri wako analijua hilo kuliko unavyodhani, ndiyo maana mpaka leo hajakutajia mshahara.

Sikufundishi namna ya kubaki kwenye kazi hiyo. Kubaki ni rahisi: nyamaza, panda, rusha. Ninakufundisha kufukuzwa vizuri, mapema, leseni ikiwa mkononi na mifupa ikiwa mizima. Kwa rubani mpya huo ni ujuzi sawa na kutua upepo ukikupiga ubavuni, na hakuna shule iliyouweka kwenye mtaala.

1. Pima pengo lako

Leseni ya biashara huipata ukiwa na saa 200 hivi. Leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni kwenye mashirika makubwa ya abiria, inadai saa 1500. Hapo katikati pana saa 1300 ambazo mashirika makubwa hayakutaki, bima haikutaki, na shamba lililouzwa kukulipia karo haliwezi kurudi. Anayekupa kiti ndani ya pengo hilo anaweza kukulipa kiduchu, au asikulipe kabisa, na bado akakudai shukrani. Atakuambia masaa ndiyo mshahara. Mwenye nyumba wako wa Amarat hapokei masaa.

Usifikiri ni mkosi wa huku kwetu tu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi, aliyewahi kuwa mkufunzi wa urubani, alikuwa akiishi kwa wazazi upande wa Seattle na kufanyia kazi Newark, ng'ambo ya pili ya nchi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alivuka Marekani nzima kwa lifti ya ndege za mizigo. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Wachunguzi waliona chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia ndege ilipomwonya kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba, wakasema pia kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo. Sheria iliyofuata ikaongeza masaa: tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria huko kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1500. Wale wawili walikuwa wamezipita zamani. Vijana wa Marekani wakajikuta wanakaa kwenye ukufunzi muda mrefu zaidi, wakiyatafuta masaa ya kutibu ugonjwa wa kukosa usingizi.

2. Weka daftari la pili

Hili ni la wakati bado unafundisha, kabla ya Juba. Zipo shule zinazomlipa mkufunzi injini ikiwaka tu. Umefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni mwezi wa Julai, mawingu yamevifunika vilima vya Ngong. Umemfundisha mwanafunzi darasani, umejaza fomu, umesukuma ndege, umepangusa kioo, umesubiri. Saa saba mchana mbingu inafunguka, mnaruka saa moja na dakika kumi. Umefanya kazi kutwa, umelipwa saa moja na dakika kumi.

Basi nunua daftari la shilingi hamsini. Logibuku ni kwa ajili ya serikali. Hili ni lako. Andika ulifika saa ngapi, ukaondoka saa ngapi, na katikati ulifanya nini. Mwisho wa mwezi gawanya malipo kwa masaa yote. Usipige kelele. Mpelekee bosi ile namba moja tu, na umpelekee mhasibu akiwa amekaa pale pale. Mtu yeyote anaweza kuwa bahili gizani. Mbele ya shahidi hupenda kuonekana muungwana.

Njia ya mkato iliyo bora zaidi ni wazazi wa wanafunzi. Mzazi anayelipa mamilioni ya shilingi hajawahi kuambiwa mkufunzi wa mwanawe alilala saa ngapi. Akikuuliza kijana anaendeleaje, mjibu vizuri, kisha mwambie uliamka saa ngapi na hii ni ndege yako ya ngapi leo. Marekani kanuni inamkataza mkufunzi kufundisha angani zaidi ya saa 8 katika saa 24. Wewe jiwekee saa zako mwenyewe, pungufu ya hizo, na umtajie mzazi kama sharti lako la kazi. Atakuwa wa kwanza kukutetea.

Na hili si jambo la starehe. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani. Ile kubwa ilirudi salama na watu wake 44. Kwenye ile ndogo mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa, juu ya Mbuga ya Nairobi. Sisemi uchovu ndio uliowaua. Nasema anga ya Wilson imejaa, mwanafunzi anaangalia mishale ya mashine, na anayeangalia nje ni mkufunzi. Macho hayo ndiyo bidhaa yako. Yanaponyimwa usingizi, anayepunjwa ni mwanafunzi kabla hujapunjwa wewe.

3. Karatasi

Halisi usimwachie mtu. Leseni, pasipoti, logibuku: mwajiri apewe nakala, nawe piga picha kila ukurasa umtumie dada yako. Mkataba unaosema utadaiwa gharama za mafunzo ukiondoka, uliza gharama hizo ni kiasi gani na zinapungua vipi kila mwezi. Asipojibu kwa maandishi, usisaini. Malipo yaandikwe kwa dola. Desemba 2015 serikali ya Juba iliacha kuishikilia bei ya pauni, na dola iliyokuwa chini ya pauni 3 ikapanda mara moja hadi zaidi ya 18. Aliyekuwa na mkataba wa pauni alilala na mshahara akaamka na nauli ya boda.

4. Hesabu vichwa

Sasa umefika kwenye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na hapa ndipo utakapofukuzwa, kwa hiyo tuketi kidogo.

Ni saa nne asubuhi, mwezi wa Machi. Juba iko mita 460 hivi juu ya bahari, joto linaelekea nyuzi 38, na hewa ya moto hubeba mzigo kwa shida. Ndege itakula njia ndefu kabla haijanyanyuka. Cessna Caravan yako imeruhusiwa kilo 3,969 ikiondoka, ndege, mafuta, watu na mizigo vyote pamoja. Karatasi ya abiria ina majina tisa. Mlangoni wamesimama kumi na mmoja. Mama mmoja ana mtoto wa miaka minne hivi ambaye kwenye karatasi hayumo. Mzee ameshika viti viwili vya plastiki. Kuna gunia la vitunguu, madumu ya mafuta ya kupikia, betri ya gari, na mtu wa heshima mwenye miwani ambaye kila mtu anamwita mheshimiwa na hakuna anayethubutu kumpima.

Usiulize "je, tumezidi?" Swali hilo lina jibu tayari, nalo ni "twende". Chukua mizani. Kama hakuna mizani, chukua karatasi na uanze kuandika kwa sauti. "Mzee, samahani, naomba jina na kilo." Anzia kwa mheshimiwa. Mwambie kwamba unataka yeye hasa afike salama, na ni kweli. Watu wakubwa hukubali kupimwa wakiambiwa ni kwa ajili ya usalama wao, na akishapimwa yeye, hakuna mwingine atakayekataa. Ukimaliza, mwonyeshe kapteni jumla. Usimwambie hatutaruka. Mwombe aweke sahihi kwenye karatasi yenye jumla hiyo. Utashangaa jinsi gunia la vitunguu linavyoshuka haraka.

Ninayo sababu ya kulisisitiza hili. Tarehe 9 Septemba 2018 ndege ya Let L-410, aina inayotengenezwa kwa abiria 19, ilitoka Juba ikaangukia ziwani Yirol ikiwa na watu zaidi ya 20, walikufa 20. Tarehe 4 Novemba 2015 Antonov An-12, ndege ya mizigo, iliondoka Juba ikiwa na shehena na watu, ikaanguka kando ya Nile muda mfupi tu baadaye. Machi 2021 L-410 nyingine ilianguka Pieri, Jonglei. Walikufa 10, marubani wawili wakiwemo. Januari 2025 Beechcraft 1900 iliyobeba wafanyakazi wa mafuta ilianguka Unity ikija Juba. Kati ya watu 21 alipona mmoja. Kila moja ina kisa chake. Lakini kiti cha kulia kina mtu kila mara, na mara nyingi ni mtu wa umri wako.

5. Andika

Kitabu cha ufundi kinachokaa ndani ya ndege ndicho rafiki yako mkubwa Juba nzima. Hitilafu ukiisema kwa mdomo ni malalamiko. Ukiiandika, na tarehe, na sahihi, ndege haiondoki kihalali mpaka fundi aishughulikie na kusaini. Ndiyo maana utaambiwa, "Kumbuka tu, tutaiandika tukirudi nyumbani." Usikumbuke. Andika kwa maneno makavu: "Breki ya kushoto laini, mafuta yanavuja gurudumuni." Usiandike nani alisema nini. Halafu piga picha.

Bosi atakasirika. Hapo tumia neno moja: ukaguzi. Kampuni nyingi hapa zinaishi au zinatamani kuishi kwa kandarasi za Umoja wa Mataifa. Huduma ya ndege ya WFP, shirika la chakula la Umoja huo, iitwayo UNHAS, imekuwapo tangu 2004, na hukagua ndege inazokodi. "Bosi, nimeiandika ili siku ya ukaguzi wasikukute na kosa." Umemwokoa yeye, umejiokoa wewe, na hakuna aliyeaibika.

6. Tumbo

Ukisema umechoka, watacheka. Kapteni atakusimulia jinsi walivyokuwa wakiruka kutoka Loki, yaani Lokichoggio kule Kenya, siku saba kwa wiki enzi za misaada ya Operesheni Lifeline Sudan. Mwache asimulie. Kisha mwambie tumbo linaendesha. Caravan haina choo, na hakuna mtu duniani anayebishana na rubani wa namna hiyo. Dhamiri isikusumbue: kanuni za anga zinakukataza kuruka ukiwa hufai kiafya, na asiyelala siku mbili hafai. Umetaja tu kiungo wanachokiheshimu.

7. Mistari ya mabegani

Unaipenda, usikatae. Ulipiga picha nayo siku ya kwanza, na kijiji kizima kinakuita kapteni. Bosi anajua kwamba unaogopa zaidi kurudi nyumbani bila lile shati jeupe kuliko unavyoogopa injini mbovu, na hapo ndipo anapokushikia. Basi fanya hivi: waambie nyumbani ukweli wa mshahara mapema. Mwambie mama. Siku mama akishajua kwamba kapteni wake anakopa unga dukani, hakuna aibu iliyobaki ya kukuzuia kupanda basi.

Na usikubali masaa ya kalamu. Asiyekulipa atakuwa mwepesi sana kukusainia saa hamsini ambazo hukuruka. Hazimgharimu kitu, na kuanzia hapo anakushika milele. Na karatasi ya uongo haimchafui mwenyewe tu: Juni 2020 waziri wa anga wa Pakistan alilitangazia bunge kwamba leseni za marubani 262 kati ya 860 zilikuwa na mashaka. Waliokuwa safi walitiliwa shaka pamoja na wachafu, hata wale waliokuwa kazini kwenye nchi za watu.

8. Siku yenyewe

Itakuja. Utaitwa ofisini, utaambiwa huna moyo wa kazi. Usijitetee. Omba barua ya masaa uliyoruka, na uombe palepale, kabla hajapoa, kwa sababu sasa anataka uondoke haraka. Uwe na nauli ambayo hukuigusa hata siku unga ulipoisha. Haihitaji kuwa ya ndege: barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, mpakani na Uganda, kilomita 192, ilikamilika 2012, na kutoka Nimule Kampala inafikika kwa basi.

Kwenye usaili unaofuata watakuuliza kwa nini uliondoka. Fungua picha ya kitabu cha ufundi, uwaachie waisome.

Kabla hujafunga begi, kaa na kijana atakayechukua kitanda chako. Mwambie malipo halisi kwa dola na yanachelewa siku ngapi. Mwambie ndege ipi breki zake hazishiki, fundi yupi hasaini asichokitengeneza, kapteni yupi husikiliza na yupi hasikilizi. Mwachie mizani, na daftari jipya.