Fimbo Mpya, Kona Ileile

Mzee wetu wa Marani ameshuka tena Kisii Sports Club na fimbo mpya ya gofu. Ile ya zamani, anasema, ilikuwa na tabia ya kupeleka mpira kulia. Zamani ni Krismasi iliyopita.

Hii, jamani, ni ya kisayansi. Uzito umesogezwa upande wa kisigino ili uso wa fimbo uwahi kujifunga kabla ya kugonga. Uso wenyewe umelala nyuzi 12 badala ya 9, maana mlalo zaidi hupunguza kupinda. Kichwa kimejaa sentimita za ujazo 460, kikomo cha sheria. Na kweli vitu hivyo husaidia, ila husaidia mita chache. Mpira wa mzee hupotea kwa mashamba.

Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, mpira hukata kona ya kulia pale uso wa fimbo unapobaki wazi ukilinganishwa na njia ambayo fimbo inapita. Na njia ya mzee hutoka nje ikaingia ndani, kama anafyekea ng'ombe majani mteremkoni. Mwalimu angemrekebisha mshiko kwa bei ya chini kuliko fimbo hiyo. Lakini mwalimu utamwekaje kwenye buti la gari, ufungue taratibu, watu wamwone?

Sheria huruhusu fimbo 14 mkobani. Anazo zote 14, na nyingine ziko chini ya kitanda, mama watoto akiambiwa ni vyuma vya ujenzi. Sasa anaulizia glavu.