Katika Kusifu Nyuzi 127

Mabingwa wa kusifu wamekwisha kuyamaliza mambo yote makubwa ya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Wamewasifu wafanyabiashara wa Butembo wanaozifuata bidhaa Dubai na Guangzhou na kuzifikisha kwao kwa njia ya Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Wameisifu kahawa ya miteremko ya Ruwenzori, na kakao ya Beni, na viazi vya nyanda za juu za Lubero. Katika wingi huo wa sifa sijapata kuona hata mstari mmoja uliotungwa kwa ajili ya chipu ndogo, nyeusi, yenye miguu mingi, inayolala pembeni mwa ubao mama wa kompyuta, na kazi yake ni kupima joto, volti na mwendo wa feni. Wala kwa ajili ya kiendeshi chake, yaani ile sehemu ya kiini cha Linux ambayo pasipo hiyo chipu hupima usiku na mchana na vipimo vyake visimfikie mtu. Kwa kuwa dhuluma hii imedumu, nimeona ni wajibu kuiondoa; wala sitazificha ila za msifiwa, kwa sababu ila hizo, zikitazamwa kwa insafu, ndizo fadhila zake kuu.

Adabu ya kusifu hutaka nasaba itangulie. Mzee wa ukoo ni LM78, aliyetoka katika kampuni ya Marekani iliyoitwa National Semiconductor katika miaka ya 1990. Na jamaa zake waliomfuata walizaliwa aghalabu Taiwan, katika nyumba za Winbond, Nuvoton, ITE na Fintek, wakapewa majina kama W83627, IT8728 na NCT6775, ambayo hakuna mwimbaji atakayeyaweza arusini. Viendeshi vyao viliandikwa kwanza nje ya kiini, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, na watu wa mradi wa lm_sensors, miongoni mwao Frodo Looijaard na Philip Edelbrock. Vikaingizwa katika kiini cha Linux 2.6 kilichotolewa Desemba 2003. Na baadaye malezi yao yakawa mikononi mwa Jean Delvare, kisha Guenter Roeck. Hao walezi walistahili mishahara ya mawaziri, maana baadhi ya watengenezaji hutoa kitabu kinachoeleza kila rejista ya chipu, na baadhi hukifungia kabatini, hata mwandishi wa kiendeshi akalazimika kukisia, rejista baada ya rejista, jambo ambalo aliyeiunda chipu angaliweza kumwambia kwa ukurasa mmoja.

Fadhila ya kwanza, basi, ni haya. Kompyuta iliyotumika Ulaya au Uarabuni hufika Butembo imevaa vumbi la nchi tatu. Fundi huifungua, huipiga pumzi, huiwekea Linux kwa kuwa haimdai mtu ada, na hupenda kujua kama prosesa yake inachemka. Huita programu ya sensors-detect, nayo humuuliza maswali mengi, humwonya kwamba baadhi ya majaribio yana hatari, hupekua anwani moja baada ya moja, na mwisho wa safari hiyo humjulisha kwamba haikuonekana chipu hata moja. Chipu ipo, fundi anaiona kwa macho yake na namba yake imeandikwa mgongoni. Lakini ni ya toleo jipya ambalo kiendeshi hakijalijua, nayo haikubali kusema na asiyetambulishwa kwake. Ni nani miongoni mwetu, katika zama hizi ambazo kila kiumbe hujitangaza, aliyebaki na staha ya namna hiyo?

Fadhila ya pili ni kuheshimu mipaka. Chipu nyingi za ukoo huu husomwa kwa kupitia milango miwili: katika mmoja, ambao aghalabu ni anwani 0x295, msomaji huandika namba ya rejista anayoitaka, na katika wa pili, 0x296, huchukua jibu. Sasa BIOS ya kompyuta, yaani programu inayoiamsha mashine, nayo huwa na shughuli zake na chipu ile ile. Ikiingia katikati na kuibadili namba baada ya kiendeshi kuiandika, kiendeshi huchukua jibu la swali ambalo hakikuuliza, hata volti ya betri ikasomwa kuwa joto la prosesa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2009, kiini cha Linux kikiona kwamba BIOS imekwisha kuzidai anwani hizo, hukinyima kiendeshi ruhusa ya kuzigusa. Hali hiyo ni kama ile ya kizuizi cha barabarani ambapo idara mbili humdai dereva mmoja ushuru ule ule, isipokuwa hapa mmoja wa wadai huondoka kwa hiari yake, jambo ambalo wenye malori ya Kasindi watalisikia kwa mshangao. Ipo njia ya kumrudisha, kwa kukiamuru kiini kinapowashwa kwa maneno acpi_enforce_resources=lax, na mafundi wenye haraka huitumia; lakini tuwe waadilifu, tukiri kwamba anayelegeza sheria hiyo amejitwalia dhamana ya majibu atakayoyapata.

Wenye husuda watasema kwamba upole huu ulizaliwa baada ya uharibifu, nami sikanushi. Katika siku za mwanzo, baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM zilipopekuliwa na programu za lm_sensors, kumbukumbu ndogo iliyohifadhi taarifa za mashine iliharibika kwa kuguswa tu, na mashine yenyewe ikakataa kuwaka mpaka irudishwe kwa walioiunda. Mradi uliandika onyo, na kiendeshi kilichohusika kikafundishwa kuzikataa mashine za IBM. Basi ni kweli kwamba kiumbe huyu aliwahi kumuua mgonjwa kwa kumpima homa. Lakini nionyesheni taaluma nyingine ambayo, baada ya kosa la namna hiyo, huandika habari zake katika faili ambayo kila mtu aweza kuisoma.

Sasa tuje katika uzushi wake, maana hapo ndipo wapinzani wake hupaza sauti. Wanasema kwamba huzika walio hai. Chipu ya LM78 huupima mwendo wa feni kwa kuhesabu muda baina ya mapigo, na hesabu yake haipiti 255. Mwendo kwa dakika ni 1,350,000 ukigawanywa kwa hesabu hiyo na kwa kigawanyo kilichowekwa. Kigawanyo kikiwa 2, feni ya polepole kabisa inayoweza kuonekana ni ile ya takriban mizunguko 2,650. Feni njema inayokwenda mizunguko 2,000, kimya na kwa utulivu, huandikiwa sifuri, yaani imekufa. Butembo, mji uliopanda zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika tano au sita, na ambako vumbi jekundu la kiangazi huingia mahali ambapo hata sindano haiingii, feni huhitaji kuangaliwa zaidi kuliko pwani. Na hapo ndipo uzushi huu unapofanya kazi ya ibada: fundi aonapo sifuri hufungua kasha, hukuta feni inazunguka, na kwa kuwa amekwisha kulifungua kasha, huondoa vumbi la mwaka mzima ambalo asingaliliona kamwe kama chipu ingalisema kweli.

Wanasema tena kwamba hupunja volti. Chipu hizo za zamani hupima kwa hatua za milivolti 16, na kikomo chao ni volti 4.08, hivyo umeme wa volti 12 hauwezi kuingia humo ila umepunguzwa kwanza kwa rezista mbili, ambazo mtengenezaji wa ubao mama huzichagua kwa rai yake na aghalabu hamwambii mtu. Kiini cha Linux, kwa uaminifu wa karani asiyetaka kuongeza lake, hukuletea kile kilichofika katika mguu wa chipu: volti 3 na kitu. Mwenye kompyuta huruka kwa hofu. Katika mji ambao kwa miaka mingi ulijiwashia taa wenyewe, kwa jenereta, kwa maporomoko madogo ya maji na kwa mabamba ya jua, hofu ya umeme uliopungua si ya mtu mjinga; lakini kasoro hapa haiko katika umeme wala katika chipu, iko kwa yule aliyejua thamani ya rezista zake akanyamaza.

Wanasema pia kwamba hupiga kelele bila ya sababu. BIOS isipoweka mipaka ya chini na ya juu, mipaka yote hubaki sifuri au namba yoyote iliyookotwa, na programu ya sensors huandika neno la hatari kandoni mwa kila kipimo. Tena chipu hushika kumbukumbu ya hatari iliyopita mpaka pale itakaposomwa, hata ukatishwa leo kwa jambo la jana. Wakazi wa Beni wanaijua elimu hii kuliko waandishi wa viendeshi. Hali ya kuzingirwa iliyoanza kutumika Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021 iliwekwa kwa siku 30, ikarefushwa, ikarefushwa tena, mpaka miaka ikapita; nao wamejifunza, kwa gharama ambayo si ya kufanyiwa mzaha, kwamba tangazo la hatari lisilo na mpaka halimwambii mama lini aende shambani na lini asiende. Chipu, angalau, huachia mtu yeyote mwenye ruhusa ya mashine kuiwekea mipaka iliyo sawa.

Na sasa nimefika kwenye taji. Mguu wa chipu uliotengwa kwa kupima joto, ukiwa haukuunganishwa na kitu chochote, aghalabu hutoa kiasi cha mwisho ambacho biti nane zenye alama zinaweza kukibeba: nyuzi 127. Fikirini: maji ya Butembo huchemka kabla ya nyuzi 95, na hapa pana kipimo kinachodai, bila ya kupepesa, kwamba ndani ya kasha lililo baridi mkononi mwako pana joto la kuyeyusha heshima ya mwenye duka. Mteja husema, «Papa, mashini yangu inaungua!» na fundi humjibu, «Hapana, mama, ni waya tu haupo.» Uongo huo ni mkubwa mno hata hauwezi kumdhuru mtu. Laiti chipu ingalisema nyuzi 52, tungaliamini wote, na tungalikaa na uongo huo miaka mitano.

Kwa hoja hii naomba niache mzaha kidogo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Na ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliokuwa wamehesabiwa kuugua walikuwa 3,470, na waliofariki 2,287. Katika muda ule wasafiri wa Beni na Butembo walishuka kwenye vizuizi, wakanawa kwa maji ya klorini, na wakaelekezewa kipimajoto cha mionzi kwenye paji la uso. Na chanjo yenyewe ililetwa katika baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika eneo lililo karibu na mstari wa ikweta. Vipimo vile viliokoa roho. Lakini kipimajoto cha mionzi husoma ngozi, na ngozi ya aliyetembea juani si ngozi ya aliyekaa kivulini. Na namba moja ile ile, ikitajwa na mgeni wa Riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, aliyeteremka garini, na ikitajwa kwa Kinande, lugha ya wenyeji, na muuguzi wa mtaa anayejua kwamba mzee huyu ametoka kupanda kilima, haikusikika kuwa namba moja. Aliyezijua rezista za mahali alikuwa muuguzi.

Huu, kwa maoni yangu, ndio utukufu wa chipu ya vipimo na kiendeshi chake: haimalizi kazi bila ya wenyeji. Walioandika kiendeshi waliona kwamba hawawezi kuujua kila ubao mama ulimwenguni, wakaacha makusudi mahali patupu, katika faili za /etc/sensors.d, ili aliye karibu na mashine aandike masahihisho. Fundi huchukua kipima volti chake, hugusa waya wa njano, huona 12.1, hutazama chipu inavyosema 3.03, huandika mstari mmoja wa kuzidisha kwa nne. Huongeza kigawanyo cha feni, na aliyekufa hufufuka. Huweka mipaka, na kelele hukoma. Mwisho huandika neno la kuupuuza ule mguu usio na waya, nao hunyamaza daima. Tangu saa hiyo mashine ile, iliyoundwa na watu wasiopata kuisikia Butembo, husema kweli kwa ulimi wa Butembo, na faili ile aweza kumgawia jirani mwenye ubao wa namba hiyo hiyo.

Kwa hiyo, mtu yeyote atakayetuletea takwimu za miji yetu, ziwe za homa, za usalama au za umeme, na atuletee pamoja nazo faili tupu ya masahihisho. Na akiwa hana faili hiyo, wala hakupata kuuunganisha waya, basi asitutajie nyuzi 52: atutajie 127, tupate kujua mapema kwamba kazi bado ni yetu.