Barua kutoka London: Daraja za Filamu za Miaka ya Sabini

Barua hii, inayoelekezwa kwa jamaa wa Mombasa, wa mitaa ya Kibokoni na Mlango wa Papa, na kwa yeyote atakayeikuta ikisomwa kwa sauti barazani, inakusudia kueleza jinsi watu saba wa asili ya Mombasa, wakiwa wamekusanyika katika nyumba ya ghorofa ya tatu mashariki mwa London, walivyojaribu kuzipanga kwa daraja filamu za miaka ya 1970 wanazozipenda, na kwa nini kazi hiyo, iliyokadiriwa kumalizika kabla ya Magharibi, ambayo London mwezi wa Januari huingia kabla hata chakula cha mchana hakijashuka tumboni, imefika Jumamosi ya nne bila ya hati ya mwisho kutiwa saini.

Kwa mujibu wa makubaliano ya kikao cha kwanza, filamu ya miaka ya sabini ni ile iliyotazamwa katika miaka hiyo na mtu aliyemo chumbani, au na mzazi wake, na si lazima iwe imetengenezwa katika miaka hiyo. Fasili hii iliwekwa kwa ajili ya halati, yaani ndugu wa kike wa mama, ambaye alitishia kupanda basi na kurudi kwake endapo Mother India ingeachwa nje eti kwa sababu ni ya 1957, ilhali machozi aliyoyamwaga juu yake ni ya 1974 na leso aliyojifutia bado anayo. Fasili ikapita kwa sauti moja, na katika kikao cha pili ikabatilishwa, pia kwa sauti moja, halati alipokuwa jikoni.

Ili vijana wawili waliozaliwa huku waufuate mjadala, walielezwa kwamba kisiwa cha Mombasa kilikuwa na majumba yake ya sinema, yakiwamo Regal, Naaz na Majestic, na kwamba aliyekwenda huko hakwenda kutazama filamu pekee, bali alikwenda kununua tikiti kwa mlanguzi kwa bei isiyosemeka mbele ya mke, kuonekana amevaa nini, na kula kachiri, njugu na achari wakati wa intavali, yaani mapumziko ya katikati, ambayo watazamaji wengine waliyakumbuka kuliko pande zote mbili za hadithi. Vijana walisikiliza kwa adabu, kisha wakapendekeza Star Wars ya 1977, iliyokataliwa papo hapo kwa kuwa haina mtu anayeimba mwanzo hadi mwisho. The Godfather ya 1972 ilifika mbali zaidi kwa sababu inaanza na harusi yenye watu wengi, jambo lililowapa wazee matumaini, lakini ikaporomoka pale ilipobainika kwamba baada ya harusi ile hakuna tena sherehe ya kuridhisha.

Kipimo kikuu kilichotumika kilikuwa kile cha stelingi. Neno hili, lililotoholewa na wapenzi wa sinema wa Afrika Mashariki kutoka kwenye mabango ambako hutangulia jina la mwigizaji mkuu, lina maana ya mhusika ambaye hupigwa na watu kumi na wawili akasimama, akaimba, akaoa. Na mpinzani wake huitwa adui tu, hata kama ana jina. Kanuni inayojulikana na kila mtoto wa pwani ni kwamba stelingi hafi. Kwa msingi huo mwaka 1975 unastahili kuchukuliwa kuwa mwaka wa msiba katika historia ya elimu hii, kwa kuwa Amitabh Bachchan, akiwa stelingi asiye na shaka, alikufa mara mbili: mara ya kwanza katika Deewaar, iliyotoka Januari, na mara ya pili katika Sholay, iliyotoka Agosti, na hadithi zote mbili ziliandikwa na watu walewale wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, ambao halati huwataja kana kwamba ni watuhumiwa waliokimbia dhamana.

Deewaar ndiyo iliyotafuna Jumamosi mbili nzima. Inamhusu kuli wa bandari ya Bombay ambaye hubeba billa, yaani beji yenye nambari ya mfanyakazi, na nambari yake ni 786, ambayo kwa hesabu ya abjadi, ile inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya tarakimu, ni jumla ya herufi za Bismillahi kwa ukamilifu wake. Mzee Mwislamu wa bandarini humweleza stelingi huyo, ambaye si Mwislamu, baraka ya nambari hiyo, na billa humkinga na risasi hadi siku inapomponyoka mkononi. Haihitaji utafiti mrefu kufahamu kwa nini filamu yenye makuli, bandari na Bismillahi ilipokewa vizuri katika mji ambao bandari ya Kilindini ndiyo iliyolisha nusu ya watu wake. Hata hivyo, wajumbe walipoitazama upya huku London, kwa kompyuta iliyounganishwa na runinga na tafsiri ya Kiingereza ikipita chini ya picha, waligundua jambo lililowaacha wamenyamaza kwa muda ambao si wa kawaida katika ukoo huu.

Jambo lenyewe linamhusu ami, yaani ndugu wa kiume wa baba, ambaye sasa yuko nyumbani na bila shaka anaisikiliza barua hii akiwa na kikombe mkononi. Katika miaka inayozungumziwa, ami alikuwa mfasiri wa ukoo: alikaa katikati ya safu, watoto kushoto na wanawake kulia, akawaeleza kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kila lililosemwa kwa Kihindi, na hakuna aliyewahi kuhoji ujuzi wake kwa kuwa alisema haraka na kwa uhakika. Uchunguzi wa sasa unaonyesha kwamba ami alijua maneno matatu ya Kihindi, nayo ni mama, moyo na damu, na kwamba kwa mtaji huo alijenga Deewaar nyingine kabisa. Katika Deewaar ya ami, ndugu wawili hawagombani kwa sababu mmoja ni mfanya magendo na mwingine ni askari wa polisi. Wanagombania mirathi ya nyumba ya ghorofa mbili yenye mlango wa nakshi, ambayo mkubwa anataka kuiuza na mdogo anataka kuifanya wakfu, na mama yao ameamua kuhamia kwa mdogo kwa kuwa mke wa mkubwa hajui kupika. Ile hati anayopelekewa kaka mtu aitie saini, ambayo kumbe ni ya kukiri uhalifu wake, ami aliitafsiri kuwa hatimiliki.

Kila aliyekuwa chumbani alikumbuka hatimiliki hiyo. Mmoja, ambaye ni mhasibu na mtu wa kuaminika, alikiri kwamba kwa miaka arubaini na ushei amekuwa akiwasimulia wafanyakazi wenzake filamu hiyo kama mfano wa madhara ya kutoandika wasia. Ilipoitishwa kura ya kuamua ipi kati ya Deewaar mbili ipewe daraja, ile ya Bombay au ile ya ami, ya ami ilishinda kwa kura tano dhidi ya mbili, na hizo mbili ni za vijana, ambao hawajawahi kuketi katika kikao cha mirathi ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Bobby ya 1973 ilitarajiwa kupita bila upinzani, kwa kuwa ni hadithi ya kijana wa kitajiri na binti wa mvuvi, na hakuna mtaa wa pwani usio na kesi kama hiyo. Ugumu ulizuka katika onyesho la kijana kumwona binti kwa mara ya kwanza, pale Dimple Kapadia anapofungua mlango mkono ukiwa umejaa unga mbichi wa dengu, akasahau, akazirudisha nyuma nywele zake kwa mkono uleule. Wanaume waliokuwapo walishusha pumzi kama walivyoshusha zamani. Halati aliomba picha isimamishwe, akasogea karibu na runinga, akauchunguza unga, akatoa hukumu kwamba ni mwepesi mno kwa bajia na kwamba mafuta yaliyoachwa jikoni bila mwangalizi yanaweza kuunguza nyumba. Alipoambiwa kwamba onyesho hilo Raj Kapoor, mwongozaji wa filamu hiyo, alilitoa katika maisha yake mwenyewe, kwa jinsi alivyokutana na mwigizaji Nargis mara ya kwanza, alijibu kwamba basi Nargis naye angeonywa.

Hapa ni lazima kuligusa suala la nyimbo, ambalo wageni wa somo hili hulielewa vibaya. Katika Mombasa ya wakati huo, lahani nyingi za filamu za Kihindi zilichukuliwa na waimbaji wa taarabu, Juma Bhalo na Maulidi Juma wakiwa mbele, wakazitilia maneno ya Kiswahili yasiyohusiana na filamu, na nyimbo hizo zikaenda harusini, zikakaa huko. Matokeo yake ni kwamba wako watu, na halati ni mmoja wao, ambao waliusikia wimbo harusini miaka kadhaa kabla ya kuiona filamu yake. Kila lahani ilipoanza, yeye aliikamilisha kwa maneno ya Bhalo, na kikao cha tatu kilipofungwa alitaka iandikwe katika kumbukumbu kwamba Wahindi wameiba na kwamba Bhalo, aliyefariki 2014, hakulipwa hata senti. Iliandikwa.

Filamu za ngumi zilishughulikiwa upesi. Enter the Dragon ya 1973 ilipewa daraja ya nne kwa heshima, Bruce Lee akiwa ndiye stelingi pekee aliyekufa nje ya filamu, tarehe 20 Julai mwaka huohuo, kabla haijaanza kuonyeshwa, na wajumbe wawili walipojaribu kueleza kwa vitendo kwa nini ingestahili ya tatu, meza ya kahawa ilipoteza mguu. Jaws ya 1975 ilishika mkia. Watu waliokulia Mlango wa Papa hawakuweza kuelewa ni vipi mji mzima wa Marekani unakimbia kitu ambacho, kikikaushwa na kutiwa tui la nazi, kinatosha watu wanane. Na walipoelezwa kwamba papa wa kwenye filamu alikuwa mashine, na kwamba mashine yenyewe ilikuwa ikiharibika kila mara kwa maji ya chumvi, waliiondolea hata alama moja iliyokuwa imebaki.

The Message, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kiarabu la Ar-Risala, filamu ya Moustapha Akkad ya 1976 iliyotengenezwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, huku Mtume mwenyewe haonekani wala sauti yake haisikiki, haikupangiwa daraja, kwa kuwa kuipa nambari kulionekana ni kukosa adabu. Badala yake ilifukiziwa udi. Nyumba za London huwekwa darini kifaa kidogo cheupe ambacho hupiga king'ora kinaponusa moshi, na ambacho hakijafundishwa kutofautisha moto na heshima. Kilipolia, jirani wa chini, Mwingereza wa makamo, alipanda ngazi akiwa na kandambili mguu mmoja, akitaka kujua kama jengo linaungua. Alitiliwa kahawa tungu, ile isiyotiwa sukari inayonywewa vikombe vidogo, akapewa na halua ya kuondolea uchungu. Aliondoka baada ya onyesho la vita vya Badri, akiwa amekula sahani mbili, na Jumamosi iliyofuata akabisha hodi mwenyewe, miguu yote miwili ikiwa na kandambili.

Kwa kuwa si desturi kumlisha mtu kisha kumnyima sauti, jirani huyo alipewa kura, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa mkwamo wa sasa. Watu saba hawawezi kugawanyika nusu kwa nusu. Watu wanane wanaweza, na wakagawanyika: wanne kwa Deewaar ya ami, wanne, jirani akiwamo, kwa Sholay. Mmoja wa vijana alipendekeza irushwe shilingi kama anavyofanya stelingi wa Sholay, ambaye, kama ijulikanavyo, sarafu yake ina sura moja pande zote mbili na haijawahi kumpinga. Ikarushwa sarafu ya peni hamsini, ambayo ina pembe saba, ikagonga ukuta, ikaingia nyuma ya chombo cha kupashia nyumba joto, na huko ndiko iliko.

Katika kuisubiri sarafu, kulizuka swali zito zaidi, ambalo ndilo lililosababisha barua hii kuandikwa. Mwisho wa Sholay kama ulivyopigwa picha mwanzoni ni kwamba Thakur, aliyekatwa mikono miwili na adui Gabbar Singh, humuua adui huyo kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwisho huo, ukapigwa mwingine ambamo polisi hufika kwa wakati wake na Gabbar hukamatwa, na huo ndio uliosambazwa 1975, ilhali ule wa asili ulikuja kujulikana baadaye kwa kanda za video, na 2025 ukaonyeshwa katika nakala iliyofanyiwa ukarabati. Wajumbe watatu wanaapa kwamba mjini Mombasa walimwona Gabbar akifa, tena kwenye pazia kubwa. Wengine wanasema alikamatwa, na kwamba hao watatu walikuwa wamelala.

Jamaa waliokaa viti vya mbele wanaombwa waulizane, ikiwezekana baada ya Isha wazee wakiwa hawajachoka, kisha walete jibu lililoandikwa na mtu yeyote asiyekuwa ami. Sababu ni kwamba ami amekwisha kuleta ujumbe wa sauti wa dakika 11, ambamo Gabbar hakuuawa wala hakukamatwa, bali aliuziwa nusu ya nyumba.