Afadhali Sisi wa Bwawa la Maruba

Sisi wa Machakos hatuna bahari. Tuna Bwawa la Maruba, ambamo hakuna meli iliyowahi kupotea. Mnara wa taa hatukujengewa, wala hatujadai. Hata reli ilitupita ikaenda zake Nairobi.

Wenzetu wa Unguja walibahatika. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ulisimama mnara wa kuongoza meli. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliuona vizuri mno: katika vita vya dakika 38 hivi, zikauharibu kwa mizinga. Ndiyo shukrani ya taa hiyo!

Baadaye mnara wa saa ukapachikwa kwenye jumba lenyewe. Huo haukuhitaji adui, uchakavu ulitosha. Mji Mkongwe, lilipo jumba hilo, uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara ukaporomoka, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa.

Waheshimiwa, mkitaka kubomoa jengo la kale, msipoteze baruti. Lisifuni sana, kisha liacheni. Mkitaka lisimame, lizibeni ufa leo.