Risala kwa Wakuu wa Barabara Juu ya Kazi Yao Njema ya Kueneza Imani

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mamlaka za Barabara, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi mtumishi wenu, katekista wa vigango vya uwanda wa Kano, mkazi wa Nyamasaria, hapo njia kuu itokayo Ahero inapoingia mji wa Kisumu, nashika kalamu kuwashukuru kwa jambo ambalo, kwa haya yenu, hamjapata kulidai hadharani: kwamba katika nchi hii hakuna padre, mchungaji wala shehe aliyewafikisha watu wengi katika sala ya kweli kama mlivyofanya ninyi.

Tazameni taabu waliyoipata waliowatangulia. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita Kavirondo, kama ilivyoitwa nchi yetu hii, kwa miguu akielekea Buganda, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, mapadre wa Mill Hill wakaja kutoka Uganda. Na mwaka 1906 Mwadventista Arthur Carscallen akavuka ghuba hadi Gendia. Hao wote walihitaji shule, kamusi, dawa na subira ya miaka ili mtu mmoja apige magoti, ilhali ninyi mwahitaji kalvati moja iliyoziba. Fauka ya hayo, zamani mtu hakuweza kufa shahidi mpaka mfalme atoe hukumu. Siku hizi latosha trekta la miwa lisilo na taa za nyuma, limeharibika gizani katikati ya lami, na mwenyewe ametandaza matawi mabichi nyuma yake yawe ndiyo onyo.

Udongo wetu mweusi, kama wajuavyo wahandisi wenu tangu walipokuwa chuoni, hufura ukilowa na hupasuka ukikauka, na kwa hiyo atakaye kujenga juu yake hana budi kuuondoa, au kuuchanganya na chokaa, kisha ayatafutie maji ya mvua njia ya kwenda zake. Ninyi mmeliacha jambo hilo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Basi masika yakija, nami nikiwa nimepakiwa bodaboda kwenda kigangoni, sanduku la Misa likiwa limevingirishwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa mpira nyuma yangu, mwendeshaji husimama mbele ya dimbwi, huvua kandambili, hulipima kina kwa fimbo, kisha hunigeukia na kusema, "Mwalimu, hapa ni wewe na Mungu wako." Kijana huyo kanisani haonekani hata Pasaka. Siku moja sala yangu haikufika upesi. Tukalala matopeni sote wawili, na divai ikanywewa na barabara ambayo mwenyewe sitamtaja, kwa kuwa hata yeye hajapata kuikiri.

Na hapo ndipo nilipoistaajabia elimu yenu ya dini. Sisi twafundisha habari za Utatu kwa zaidi ya miaka mia, na waumini bado wakuna vichwa. Ninyi, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, mlipata mamlaka tatu, moja ya njia kuu, moja ya vijijini, moja ya mijini, na baadaye zikaongezwa kaunti, mkaifanya siri hiyo kuwa nyepesi kwa kuipindua: hizi ni nafsi nyingi zisizo na shimo hata moja. Ukiuliza shimo hili ni la nani, wa njia kuu husema ni la mijini, wa mijini husema ni la vijijini, wa vijijini husema ni la kaunti, na kaunti huuliza kama umeleta barua.

Hata katika zaka mmetushinda. Sisi twapitisha kikapu Jumapili na kurudi na sarafu. Ninyi, tangu Julai 2024, mwatoza shilingi 25 katika kila lita ya mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara, kutoka 18 zilizokuwapo, na shilingi 7 katika hizo ziliwekwa rehani mwaka 2025 kulipia madeni ya wakandarasi. Kwa hiyo kijana wa bodaboda asiyetoa sadaka kwetu hutoa kwenu kila siku penye pampu. Kisha, akienda mbele kidogo, hukuta vijana wenzake wamejaza shimo udongo kwa jembe na kunyoosha kamba njiani, akawalipa tena.

Lakini kejeli ina mpaka wake. Tarehe 8 Agosti 2025 basi lililowachukua waombolezaji waliotoka kuzika Nyahera lilipinduka penye mzunguko wa Coptic, Mamboleo, wakafa watu zaidi ya 20, wengi wao wa jamaa moja. Misiba ya namna hiyo ikitokea, katika salamu za rambirambi za wakubwa jina la Mungu hutajwa mara nyingi kuliko breki, mteremko au alama za barabarani. Nasi tuliozoea kuongoza sala za wafu twajua kwamba si kila anayemtaja Mungu anamwomba, wengine wanamsingizia.

Maana Ibilisi alipomshauri Yesu ajitupe kutoka kilele cha hekalu, malaika wapate kumdaka, alikataa, akisema kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Na jirani yangu Mwislamu hunikumbusha kwamba Mtume alimwamuru Bedui kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Dini zote mbili, basi, zimekubaliana kwamba tawakali huja baada ya kazi, na hakuna hata moja iliyotoa ruhusa ya kuweka tawakali mahali pa mtaro.

Kwa hiyo naomba mambo machache, yasiyohitaji muujiza: mitaro izibuliwe kabla ya masika wala si baada ya mafuriko, matrekta ya miwa yazuiwe kuingia lami usiku pasipo taa, miteremko inayoishia penye mizunguko iwekewe matuta, alama na taa, na kila barabara ibandikwe jina la ofisi inayoimiliki, tupate kujua twende kubisha mlango gani.

Mkitutimizia haya, tutakuwa tumepoteza sababu moja ya kusali, nasi tuko radhi kuipoteza, kwa kuwa zimebaki nyingine za kututosha.

Wenu mtiifu,
Katekista wa vigango vya Kano,
Nyamasaria, Kisumu.